Mabadiliko ya Njia na Idadi ya Safari za Ndege: Mfano wa Uwanja wa Luano, Lubumbashi

1. Utangulizi

Mji wa Lubumbashi uko kusini-mashariki kabisa mwa Kongo, karibu na mpaka wa Zambia, na Kinshasa, mji mkuu, iko magharibi, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka angani. Hakuna barabara nzuri inayoiunganisha miji hiyo miwili moja kwa moja. Tangu mwaka 1928 kumekuwapo na ile inayoitwa njia ya taifa: reli kutoka Katanga hadi bandari ya Ilebo, kisha mashua kwa mto Kasai na mto Kongo hadi Kinshasa. Lakini njia hiyo, iliyojengwa kwa ajili ya shaba zaidi kuliko kwa ajili ya watu, humchukua msafiri majuma mengi. Kwa mgonjwa anayetafuta daktari bingwa, kwa mwanafunzi anayeitwa kwenye mtihani, kwa mfanyabiashara mwenye hati za kutia sahihi, kwa familia inayongoja mwili wa marehemu, njia iliyobaki ni moja tu, nayo ni ndege.

Kwa sababu hiyo, kila mara shirika la ndege linapotangaza kwamba limeongeza safari, limepunguza safari au limeacha njia fulani, habari hiyo hugusa maisha ya mji mzima. Hata hivyo, sababu za mabadiliko hayo hazifahamiki vema. Wengi hudhani kwamba shirika huondoka kwa sababu limekosa abiria, na kwamba hurudi kwa sababu abiria wamepatikana. Jambo hilo ni kweli kwa sehemu tu. Makala haya yanaeleza hesabu na sheria zinazotawala njia za ndege katika uwanja wa kimkoa kama Luano, na kuonyesha kwa nini idadi ya safari ni jambo zito kuliko jina la njia lenyewe.

2. Maneno yanayotumika

Ni vema kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo huchanganywa. La kwanza ni njia, yaani miji miwili inayounganishwa na ndege, kwa mfano Lubumbashi na Kinshasa. La pili ni idadi ya safari katika njia hiyo kwa juma. Njia inaweza kuwapo miaka kumi bila kubadilika kwenye ramani ya shirika, huku safari zake zikishuka kutoka saba kwa juma hadi mbili.

Katika ofisi za Kongo neno linalosikika kwa jambo hili la pili ni la Kifaransa, fréquence. Kiswahili cha redio kina neno masafa, ambalo kwa asili maana yake ni umbali, na ambalo hutumiwa pia kwa mawimbi ya utangazaji. Lakini mtu akisema kwamba masafa ya Lubumbashi na Kinshasa yameongezeka, msikilizaji ana haki ya kuuliza kama miji imesogezwa. Kwa hiyo ni salama zaidi kusema wazi: idadi ya safari kwa juma. Maneno haya ni marefu, lakini yanaeleza jambo lenyewe bila kuleta utata.

3. Historia fupi ya njia

Usafiri wa anga ulianza mapema nchini Kongo. Mwaka 1920 ndege zinazotua majini zilianza kufuata mto Kongo kutoka Kinshasa, wakati huo Léopoldville. Shirika la Ubelgiji, SABENA, lililoundwa mwaka 1923, lilifungua katika miaka hiyo ya 1920 njia ndefu kutoka Boma kupitia Léopoldville na Luebo hadi Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Ndege za wakati huo hazikuweza kuruka mbali bila kutua, na kwa hiyo kila kituo cha katikati kilipata huduma kwa lazima. Ndege zenye nguvu zaidi zilipokuja, vituo vingi vya katikati vilirukwa. Hili ni funzo la kwanza: maendeleo ya ndege yanaweza kuunyima mji mdogo njia ambayo ndege dhaifu ilikuwa imeupa.

Mwaka 1961 liliundwa shirika la taifa, Air Congo, ambalo mwaka 1971 lilibadilishwa jina kuwa Air Zaïre. Shirika hilo lilifilisika mwaka 1995. Baada yake mashirika ya watu binafsi yaligawana anga ya nchi. Baadhi yake yalichukua majina ambayo msemaji wa Kiswahili huyaelewa mara moja: Hewa Bora, Wimbi Dira, Korongo. Yote matatu hayaruki tena leo. Hewa Bora lilisimamishwa mwaka 2011, baada ya ajali ya Kisangani ya mwezi wa Julai mwaka huo.

Korongo linastahili kutajwa zaidi, kwa kuwa makao yake yalikuwa Lubumbashi penyewe. Lilianza kuruka mwezi wa Aprili 2012, na nyuma yake walikuwapo shirika la Brussels Airlines na kundi la viwanda la George Forrest. Liliunganisha Lubumbashi na Kinshasa, na pia Johannesburg. Mwezi wa Septemba 2015 lilisimamisha safari zake zote. Jina lake lilikuwa la ndege mwenye miguu mirefu, lakini kwa Kiswahili neno hilohilo lina maana ya pili, bonde jembamba lililochimbwa na maji ya mvua. Na kwa kweli liliacha pengo. Mwezi uliofuata, Oktoba 2015, shirika jipya la serikali, Congo Airways, likaanza safari kwa ndege za aina ya Airbus A320. Mwaka 2024 ulipofika, upungufu wa ndege ulikuwa umelilazimisha shirika hilo nalo kupunguza mno safari zake. Mwezi wa Desemba 2024 likaanza Air Congo jipya, ambalo serikali ina sehemu kubwa ya hisa na Ethiopian Airlines ina asilimia 49.

Kwa miaka hiyo yote njia ya Lubumbashi na Kinshasa haikufa kamwe. Kilichobadilika mara kwa mara ni jina lililoandikwa ubavuni mwa ndege, ukubwa wa ndege hiyo, na siku ambazo ilionekana.

4. Hesabu ya viti

Ili kuelewa kwa nini idadi ya safari hupanda na kushuka, uchukuliwe mfano wa kubuni, wenye tarakimu nyepesi. Shirika lina ndege ya viti 140. Kila safari ya kwenda upande mmoja inaligharimu dola 14,000 kwa mafuta, mishahara, bima, matengenezo na ushuru. Kila abiria, baada ya kodi kuondolewa, analiachia dola 140. Hapo abiria 100 wa kwanza wanalipa gharama tu, na faida inaanza kwa abiria wa 101.

Kwa juma wanasafiri watu 420, na shirika linaruka mara nne. Kila ndege ina abiria 105. Faida ya kila safari imekaa katika viti vitano, yaani dola 700, na kwa juma zima ni dola 2,800. Wasafiri sita wakikosekana katika kila safari, faida yote imegeuka kuwa hasara. Haba na haba hujaza kibaba, nayo haba na haba hukitoboa.

Sasa shirika linaamua kuruka mara tatu badala ya nne. Baadhi ya wasafiri watakubali kubadilisha siku zao. Wengine wataacha kusafiri, au watatumia shirika jingine. Hata kama abiria 90 watapotea, watabaki 330, yaani 110 kwa kila ndege. Mapato yatakuwa dola 46,200, gharama dola 42,000, na faida dola 4,200.

Msomaji aangalie vema matokeo hayo. Shirika limepoteza abiria 90, na bado faida yake imepanda kutoka dola 2,800 hadi 4,200. Halikuondoa safari ya nne kwa sababu ndege ilikuwa tupu. Robo tatu ya viti ilikuwa na watu. Liliiondoa kwa sababu abiria wa safari hiyo wangeweza, kwa sehemu kubwa, kubanwa katika safari nyingine tatu. Hapa ndipo hesabu ya shirika na hesabu ya mji zinapoachana. Shirika huhesabu kile kilichobaki baada ya gharama. Mji huhesabu watu waliofika, na vilevile watu 90 wasiofika, ambao hawaandikwi katika kitabu chochote.

5. Gharama ya kungoja

Watu wanaobaki nao wanalipa, ingawa bei ya tiketi haikupanda. Wanalipa kwa muda. Mtu akimaliza shughuli zake saa yoyote ya juma, na safari zikiwa zimegawanywa sawasawa, wastani wa muda wa kungoja safari inayofuata ni nusu ya muda unaotenganisha safari mbili. Juma lina saa 168. Kwa hiyo, safari saba kwa juma zina maana ya kungoja kwa wastani saa 12. Safari tatu ni saa 28. Safari mbili ni saa 42. Safari moja ni saa 84, yaani siku tatu na nusu.

Tarakimu hizi zinaonyesha jambo ambalo matangazo ya mashirika hayalisemi. Kuondoa safari moja kati ya saba humwongezea msafiri saa mbili tu za kungoja. Kuondoa safari moja kati ya mbili humwongezea saa 42. Safari iliyoondolewa ni moja katika hali zote mbili, lakini mzigo wake si mmoja. Mji mkubwa wenye safari nyingi hauoni hasara. Mji mdogo unavunjika mguu. Na siku hizo za kungoja si bure: kuna chumba cha kulipia, chakula, na kazi iliyosimama nyumbani.

Zaidi ya hayo, safari zikiwa chache, kila hitilafu huwa kubwa. Palipo na safari kila siku, ndege ikiharibika abiria huondoka kesho. Palipo na safari moja kwa juma, abiria huyo huambiwa arudi juma lijalo. Baada ya kuumia mara mbili hivi, mtu mwenye shughuli za haraka huacha kuitegemea njia hiyo. Abiria wanapungua tena, na shirika linapata sababu nyingine ya kupunguza. Njia nyingi hufa kwa namna hiyo, polepole, bila siku maalumu ya kufa.

6. Ukubwa wa ndege na mahali pa mji

Kuna dawa moja ya ugonjwa huo, nayo ni ndege ndogo. Wale wasafiri 420 wa mfano, wakipewa ndege ya viti 70 badala ya 140, wakajaza robo tatu ya viti vyake, watahitaji safari nane kwa juma badala ya nne. Wastani wa kungoja utashuka kutoka saa 21 hadi saa 10 na nusu. Jambo la namna hii limeonekana katika uwanja wa Luano. Shirika la taifa la Afrika Kusini liliingia katika usimamizi wa kuokolewa mwezi wa Desemba 2019, na njia zake nyingi zikakatwa. Airlink, shirika jingine la nchi hiyohiyo, likaendesha njia ya Johannesburg na Lubumbashi kwa ndege za Embraer, ambazo ni ndogo kuliko zile zinazozoeleka katika njia kubwa. Hata hivyo ndege ndogo ina ubaya wake: gharama ya kila kiti huwa kubwa zaidi, na tumbo lake hubeba mizigo michache.

Jambo la pili ni mahali ulipo mji. Akitazama ramani, msomaji atagundua kwamba Kinshasa, Nairobi na Johannesburg ziko karibu umbali ulio sawa kutoka Lubumbashi, yaani kati ya kilomita 1,500 na 1,650. Dar es Salaam iko karibu zaidi, chini ya kilomita 1,400. Addis Ababa iko mbali, kilomita zipatazo 2,600. Kwa rubani, basi, mji mkuu wa nchi hauko karibu kuliko miji mikubwa ya nchi za nje. Ndege itumikayo kwenda Kinshasa ingeweza, kwa muda uleule na mafuta yaleyale, kwenda Johannesburg au Nairobi. Mahali ambapo nauli ni nono zaidi ndipo ndege inapoelekezwa, isipokuwa sheria izuie.

Tena, ndege haimilikiwi na njia moja. Ndege moja huzunguka miji mitatu au minne kwa siku, na uamuzi juu ya mji mmoja hubadilisha saa za miji mingine. Hapa nchi ya Kongo ina ugumu wake wa pekee, kwa sababu ina saa mbili tofauti. Ndege ikiondoka Kinshasa adhuhuri, ikiruka kwa saa mbili na robo, hutua Luano wakati saa za huko zinaonyesha 15:15, si 14:15. Ikipumzika dakika 45, huondoka 16:00 na kufika Kinshasa 17:15 kwa saa za Kinshasa. Kwenda na kurudi kumechukua saa tano na robo, na siku ya kazi imekwisha. Kama njiani kulikuwa na kituo kingine kwenye uwanja usio na taa za usiku, na viwanja vya namna hiyo si vichache ndani ya nchi, kituo hicho kitaachwa, kwa maana giza halingoji abiria. Ndivyo uwanja mdogo unavyoweza kupoteza safari kwa sababu ya kuchelewa kulikotokea kilomita elfu moja kutoka kwake.

7. Mafuta, ushuru na sheria za anga

Kinshasa hupata mafuta kutoka upande wa bahari ya Atlantiki. Lubumbashi huyapata kwa malori yanayopita Zambia, kutoka bandari za bahari ya Hindi, ikiwamo Dar es Salaam. Umbali huo huingia katika bei. Shirika linaweza kuamua kuondoka lilikotoka na mafuta ya kwenda na kurudi, ili lisinunue mengi pale yalipo ghali. Lakini mafuta yana uzito, na uzito huo huchukua nafasi ya mizigo na pengine ya abiria. Njia ambayo bei ya mafuta yake imepanda mwisho mmoja inaweza kupoteza safari, hali abiria wake hawakupungua hata mmoja.

Kuna pia malipo ya uwanja. Viwanja vya Kongo vimewekwa chini ya Régie des Voies Aériennes, iliyoundwa mwaka 1972. Tangu mwaka 2009 kila abiria hulipa Go-Pass, ambayo ilipoanzishwa ilikuwa dola 50 kwa safari za nje na dola 10 kwa safari za ndani. Malipo ya namna hii huonekana madogo yakilinganishwa na tiketi ya mbali, lakini huwa makubwa kwa safari fupi, na safari fupi ndizo zinazolisha miji midogo.

Upande wa sheria, msingi ni mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaosema kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Kutokana na mkataba huo, shirika la kigeni haliji Luano kwa kupenda tu. Nchi mbili hupatana kwanza ni mashirika gani yataruka, katika miji gani, na mara nyingi kwa idadi gani ya safari. Shirika la kigeni haliruhusiwi kwa kawaida kubeba abiria kati ya miji miwili ya nchi moja. Ndege ya Ethiopia inayotoka Addis Ababa haiwezi, bila ruhusa maalumu, kuchukua msafiri Lubumbashi na kumshusha Kinshasa. Hii ndiyo sababu shirika la kigeni likitaka kuingia katika soko la ndani huunda shirika la pamoja na wenyeji, kama ilivyofanyika mwaka 2024. Nchi za Afrika zilikubaliana huko Yamoussoukro, mwaka 1999, kufunguliana anga, na mwaka 2018 ulizinduliwa mpango wa soko moja la anga la Afrika. Lakini kila nchi imeendelea kulinda mlango wake kwa namna yake.

Kikwazo kingine kimetoka Ulaya. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umeyaweka mashirika ya Kongo katika orodha ya yale yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, kwa sababu ya mashaka juu ya usimamizi wa usalama. Matokeo kwa Lubumbashi ni kwamba njia za kwenda Ulaya hupitia vitovu vya wageni, na kwamba mashirika mengi ya kimataifa huwakataza wafanyakazi wao kupanda ndege za Kongo hata katika safari za ndani. Abiria hao ndio wenye kulipa nauli kubwa. Wakiondolewa katika hesabu, vile viti vitano vya faida vilivyotajwa katika mfano huwa vigumu kupatikana.

8. Shaba, siasa na maradhi

Katika Katanga, idadi ya wasafiri hufuata bei ya shaba. Bei ikipanda, wahandisi, mafundi na wafanyabiashara humiminika. Ikishuka, ndege hubaki na viti. Mwezi wa Septemba 2015, ambapo Korongo lilisimama, ndio mwezi ambapo kampuni ya Glencore ilitangaza kusimamisha kwa muda uzalishaji wa migodi yake ya Katanga Mining, karibu na Kolwezi, kwa sababu ya kushuka kwa bei. Mambo haya mawili kutokea mwezi mmoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine, lakini kunaonyesha hali ya soko ambamo mashirika ya anga yalikuwa yakifanya kazi. Mwaka huohuo Katanga iligawanywa katika mikoa minne, na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Mji mpya wa utawala una safari zake mwenyewe za kudai, na baadhi ya abiria wa Luano ni watu ambao mwisho wa safari yao ni Kolwezi.

Kuna mabadiliko mengine ambayo hayatokani na soko hata kidogo. Mwezi wa Machi 2020, kwa kuogopa maradhi ya korona, serikali ilisimamisha safari za abiria kati ya Kinshasa na mikoa. Viwanja vilifunguliwa tena tarehe 15 Agosti 2020. RwandAir lilifungua njia ya Kigali na Lubumbashi mwaka 2021. Mwezi wa Mei 2022, uhusiano wa Kongo na Rwanda ulipoharibika kwa sababu ya vita vya mashariki, serikali ya Kongo ililisimamisha, na njia ikafungwa kabla haijatimiza mwaka. Kenya Airways lilisimamisha safari zake za Kinshasa mwisho wa Aprili 2024, baada ya wafanyakazi wake wawili kukamatwa mjini humo, likarudi mwezi wa Mei. Mwishoni mwa Januari 2025 uwanja wa Goma ulifungwa kwa vita, na katikati ya Februari uwanja wa Kavumu, unaotumiwa na watu wa Bukavu, ukaangukia mikononi mwa wapiganaji. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na katika habari za anga, nyasi ni yule msafiri aliyekwisha kununua tiketi.

9. Jinsi ya kusoma tangazo la shirika

Mashirika ya dunia hubadilisha ratiba zao mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mabadiliko mengi ya kawaida hutokea nyakati hizo. Badiliko linalotokea nje ya nyakati hizo mara nyingi lina sababu ya ghafla: ndege imeharibika, kibali kimeondolewa, mafuta yamekosekana au usalama umevunjika.

Mtu anayesoma tangazo la njia mpya, basi, asiulize tu ndege inakwenda wapi. Aulize inakwenda mara ngapi kwa juma, siku gani, kwa ndege ya viti vingapi, na kama itarudi siku ileile. Tangazo la njia mpya lenye safari moja kwa juma ni jambo la furaha kwa gazeti, lakini kwa msafiri ni ahadi ya kungoja saa 84. Kinyume chake, safari ya tatu inayoongezwa katika njia ya zamani haipigiwi ngoma, nayo inampunguzia kila msafiri saa 14 za kungoja.

10. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba shirika linaweza kupunguza safari bila uovu wowote na bila kukosa abiria, kwa kufuata tu hesabu yake halali. Kwa hiyo kulilaumu hakutoshi, wala kulisihi. Nchi nyingine zimelitambua jambo hili katika sheria zao. Marekani, ilipoyaachia mashirika uhuru wa kuchagua njia mwaka 1978, iliweka papo hapo mpango wa kulipia safari chache za lazima kwa miji midogo, ili isisahauliwe. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kanuni ya namna hiyo mwaka 1992: serikali inataja idadi ya safari ambayo mji hauwezi kuishi chini yake, na shirika linaloomba malipo kidogo kuliko yote ndilo linalopewa kazi.

Katika nchi ambamo reli huchukua majuma na barabara hukatika wakati wa mvua, haja ya kutaja idadi hiyo ni kubwa kuliko Ulaya. Lubumbashi, yenye shaba na wageni, itapata ndege kwa namna moja au nyingine. Lakini Kalemie, Kamina na Manono hazina nguvu hiyo, na ndizo zinazosimama pale ambapo kuondolewa kwa safari moja humwongezea mgonjwa siku mbili za kungoja. Kwa miji hiyo, swali la safari ngapi kwa juma lingepaswa kujibiwa kwa sheria kabla halijajibiwa na soko.